Jiwe Kwenye Kambambili

Riziki wangu,

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya shangazi yako atakayekupokea Kisangani na jinsi ya kumsalimu, umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Sitayarudia. Saa hizi uko kanisani, korali inakuombea safari, na Papa yako ameteremka kumkumbusha mwenye pikipiki kwamba alfajiri ni alfajiri, siyo wakati jua limeshapanda. Nyumba iko kimya na bado kuna mwanga wa kuandikia. Nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo moja ambalo mdomo wangu umeshindwa kukuuliza: sijui kama unaenda kwa kupenda, au unaenda kwa sababu sisi tumesema uende. Ukishapanda ile pikipiki kesho, nitakuwa nimechelewa kujua.

Tangu jibu la shule ya wakunga lilipofika, umegeuka mtu wa maneno machache. Wewe, ambaye ulikuwa unatusimulia hata ugomvi wa kuku wa jirani, sasa ni "ndiyo Mama", "hapana Mama", kama mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja tu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Kisha nikaogopa. Mwisho nikafanya kile ninachofanya kila ninaposhindwa kumwelewa mtu: nikaanza kukusoma kama mtu aliyeficha karata.

Usicheke. Ni wewe na Papa yako mlionifundisha.

Poka iliingia nyumba hii kwa miguu ya Papa yako. Alikuwa bado kijana, anabeba mizigo Walikale, na fundi mmoja wa ndege ndogo alikwama kule akingoja kipuri ambacho hakikufika. Fundi alikuwa na pakiti ya karata na hakuwa na wa kucheza naye. Papa yako akarudi hapa Ntoto bila shati jipya, bila viatu, ila na mchezo. Maharagwe niliyaleta mimi. Nilipoolewa kutoka Bihambwe, mama yangu alinifungia mfuko wa maharagwe ya milima yetu, mekundu, meupe na yenye madoa, kwa sababu alijua ninakwenda msituni, kwa watu wanaokula muhogo asubuhi na jioni na kusema wameshiba. Yalikuwa mbegu. Papa yako akayatazama akaona ni kitu kizuri sana cha kuwekeana kwenye poka. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa, na unajua nani alishinda, maana kopo la maharagwe liko juu ya kabati hadi leo. Ila mara moja tu ulipokuwa mdogo uliyachemsha yote ukidhani unatusaidia, na tukala mchezo wetu pamoja na sombe, majani yetu ya muhogo ya kutwanga.

Mchezo wenyewe unaujua, lakini acha niuandike, maana nikiandika kitu nakiona vizuri zaidi. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Katikati zinafunuliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo ni za wote. Kila zinapofunuliwa unaweka maharagwe, au unamfuata aliyeweka, au unatupa karata zako na kuwatazama wenzako. Ndiyo yote. Karata gani zinashinda zipi, mtu anajifunza kwa mchana mmoja. Mwenzako ameficha nini, hiyo imenichukua ndoa nzima.

Ile siku ya mvua, ulipokuwa bado unakaa kwenye mkeka huku umeegemea goti langu, sijui kama unaikumbuka. Mimi niliisahau kwa sababu ilinitia aibu, na juzi imenirudia. Nilikuwa na Asi na Mfalme. Katikati ikafunuliwa Asi nyingine, pamoja na tisa na nne za moyo. Nikaweka maharagwe kwa mkono wa mwenye shamba. Papa yako akafuata. Moyoni nikasema, huyu naye ana Asi, ila ya pili yake ni ndogo. Karata ya nne ikawa Mfalme. Nikaweka mengi zaidi. Akajikuna shingo, akafuata. Karata ya mwisho ikawa sita ya moyo, na Papa yako, ambaye tangu mwanzo alikuwa anafuata tu kama mbuzi wa kamba, akasukuma katikati maharagwe yake yote. Nikafurahi! Nikasema amechoka, anataka kunitisha na Asi yake ndogo. Nikamfuata na yangu yote.

Alikuwa na moyo mbili. Na zile tatu za katikati zikawa tano, na tano za moyo zinakula jozi zangu mbili bila kutafuna.

Wewe ndiye uliyesema, na meno yako ya mbele hayajaota vizuri: "Mama, Papa alianza kufuata wakati moyo mbili zilionekana. Haukuona?"

Papa yako alikusanya maharagwe taratibu, anajua kuniudhi, halafu akasema: "Mama Riziki, we unakosaka juu unaita jina haraka. Siye ku pori hatuitake nyama jina mbele ya kuiona. Tunasemaka tu ile."

Niliishi naye miaka mingi nikisikia hiyo "ile" bila kuuliza maana yake. Watu wa kwao wakiwa kwenye mawindo hawataji mnyama kabla macho hayajamwona. Wakikuta alama kwenye matope wanasema ile. Ile yenye kukanyaga nzito. Wakienda mbele, wakaona majani yameliwa juu, ni ile yenye kukanyaga nzito na kula juu. Wakifika kwenye maji, wakaona imezunguka haikuvuka, wanaongeza na hilo. Wazee wao wanasema ukitaja jina, mnyama anasikia anaondoka. Papa yako ni mtu wa kanisani, na habari ya mnyama kusikia anasema hajui. Anachojua yeye ni kwamba mtu aliyekwisha kusema "nguruwe" ataona nguruwe hata kwenye kisiki.

Kwetu Bihambwe, milima ya Masisi, hatuko hivyo. Sisi ni watu wa shamba. Ukichimba unajua ulipanda nini, ni kiazi, unasema kiazi. Mimi nilikuwa nacheza kama mtu aliyepanda karata mkononi mwa mwenzake. Nachagua moja, kisha kila anachofanya nakilazimisha kifanane nayo. Papa yako anaanza kwa kukuachia zote, kila jozi ambayo mtu kama wewe angeweza kuingia nayo mchezoni. Kisha kila unapoweka, kila unapofuata, anajiuliza: huyu angekuwa na hii, angefanya hivi? Kama hapana, anaitoa. Mwisho zinabaki mbili tatu, na hizo zinamtosha. Anamsoma na mtu mwenyewe pia. Wewe ukiweka mengi una kitu kweli. Mimi nikiweka mengi, huenda nimekasirika tu na sufuria iliyoungua.

Haya. Sasa sikia jinsi mama yako alivyotumia elimu yote hiyo.

Ulipokuwa kimya siku ya tatu, nikataja jina palepale. Kijana! Nani mwingine? Yule wa gitaa wa korali, mwenye shati la njano. Nikabeba dumu la maji nikasema nawapelekea waimbaji, wakati hakuna aliyeomba maji, nikasimama mlangoni nikimtazama yule mtoto wa watu kama polisi. Kisha nikakuvuta pembeni nikakuambia nimeshajua yote. Ulinitazama kwa huruma kubwa.

"Mama, ule si njo ule mwenye utapikia arusi yake kisha mavuno? Bibi-arusi iko anaimba pembeni yangu."

Nilirudi nyumbani kwa kupitia nyuma ya mashamba ili nisisalimiane na mtu.

Ndipo nikakaa chini nikaanza upya, taratibu, kwa "ile". Mtoto wangu amenyamaza: anaweza kuwa na nini? Anaweza kuwa ametukasirikia. Anaweza kuwa hataki kabisa kazi ya kuzalisha wanawake, alisema anaitaka ili anifurahishe. Anaweza kuwa anaogopa barabara, na nani haiogopi, kila kona ina vijana wenye bunduki na kamba yao iliyofungwa njiani. Au anaweza kuwa na furaha ya kuondoka na anaona aibu kuionyesha mbele yetu. Hiyo ya mwisho ilinichoma, lakini sikuitoa, kwa sababu kuchoma siyo sababu ya kuitoa.

Nikatazama. Ulikunja nguo zako mapema na kuandika jina lako kwenye kila daftari, kwa mwandiko wa kujivunia. Kwa hiyo shule unaitaka. Ulianza kuamka kabla yangu kwenda kuchota maji, na wewe ukikasirika hauchoti maji ya mtu, unaosha vyombo kwa kelele. Nikaitoa hasira. Furaha nayo nikaitoa kwa sababu haukuimba hata mara moja, na mtoto wangu akifurahi anaimba mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikabaki na woga wa barabara, nikaona basi, nimefika.

Lakini mwenye pikipiki alipokuja kuangalia mzigo wako, nilikuwa nyuma ya jiko nasikia. Haukumuuliza kuhusu vizuizi wala madaraja mabovu. Ulimuuliza: "Kama mutu wa hapa anatuma habari, inafikaka Kisangani siku ngapi? Na kama inafaa kurudi haraka, nitapata moto ya kunibeba hata usiku?" Mtu anayeogopa njia anauliza habari za kwenda. Wewe ulikuwa unauliza habari za kurudi.

Siku iliyofuata nikakuta unamfundisha Papa yako kutwanga sombe. Yeye, aliyewahi kusema kinu kinamjua mwanamke! Jasho linamtoka, majani yanamruka usoni, na wewe unamwambia atwange tena. Usiku nikamuuliza yote haya ni ya nini. Akasema tu: "Iko ile."

"Ile gani?"

"Sijaiona bado."

Riziki, hapa kuna kitu ninachotaka ukijue kuhusu mimi, kwa sababu nadhani umekirithi. Ulipokuwa bado mgongoni, nilikwenda Bihambwe kumsaidia mama yangu kupalilia. Asubuhi moja tukasikia mlio nyuma ya kilima. Mama yangu akasimamisha jembe. Mimi nikasema ni ngurumo. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kukopa, nami nikasema ngurumo, kwa sababu shamba lilikuwa limebaki nusu na niliona magugu. Zilikuwa bunduki, na tulikimbia wa mwisho mlimani, wewe unalia, mama yangu hana viatu. Tulifika salama. Lakini toka siku hiyo najua ugonjwa wangu. Sikosi kwa kutaja jina haraka tu. Kabla hata sijaanza kusoma, naitoa kwanza ile ninayoiogopa, naiweka chini ya mkeka, halafu nahesabu zilizobaki na kujisifu.

Na safari hii pia nilikuwa nimeiweka moja chini ya mkeka.

Jumatano tulikwenda kisimani pamoja. Tulipokuwa tunapanda, pale kilima kinapokaza, ukasimama. "Ngoja, Mama, kuna jiwe mu kambambili yangu." Ukainama, ukaitoa, ukaikung'uta. Mimi nikashukuru moyoni, nikapumua. Tukaenda kidogo, ukasimama tena. Jiwe lingine. Ulikuwa unaikung'uta nami nikawa naitazama ile kambambili, kipande cha plastiki na mkanda, wazi pande zote. Jiwe likiingia kwenye kambambili linatoka lenyewe hatua inayofuata. Hakuna mtu duniani aliyewahi kusimama kwa ajili ya jiwe kwenye kambambili.

Ulikuwa unasimama ili mimi nipumzike.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Wiki zote hizi nilikuwa nakusoma wewe, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanisoma mimi. Na ulinishinda kama Papa yako alivyonishinda ile siku ya mvua. Uliona nimeanza kusimama kwenye kile kilima kufunga kitenge, kila siku mahali pale pale, na ukajiuliza ni kitenge gani kinachofunguka mahali pamoja kila siku. Uliona nakataa kucheza, mimi ambaye sijawahi kukataa mchezo hata nikiwa na homa. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi tucheze na punje za mahindi, tuache kopo ku kabati." Nikakubali mbio. Hapo ukajua kwamba tatizo siyo mchezo, ni kopo. Ulinipigia hesabu safi, mwanangu. Nilijivunia wewe hata nilipokuwa nalia.

Basi nazigeuza karata zangu.

Dawa ziko ndani ya maharagwe. Wakati wa kupanda nilikwenda kituo cha afya, nikasema naenda kutembelea mgonjwa, ambayo kwa namna fulani haikuwa uongo. Mganga alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akabonyeza miguu yangu, akasema: "Mama, moyo yako iko mukubwa." Nikacheka. Nikamwambia asante, hata mume wangu husema hivyo nikimsamehe. Yeye hakucheka. Moyo wangu umevimba, unachoka kusukuma damu, ndiyo sababu ya pumzi fupi na miguu inayojaa jioni. Amenipa vidonge vya kila siku, amenikataza chumvi na mizigo, na amesema niende kwenye hospitali kubwa wanitazame kwa mashine. Kuna watu wanaishi na moyo huo muda mrefu, alisema. Sikumuuliza muda mrefu ni kiasi gani, naye hakuniambia.

Papa yako sijamwambia. Nitamwambia leo akirudi, ingawa nadhani atanisikiliza kama mtu anayeonyeshwa mnyama ambaye yeye mwenyewe amefuata nyayo zake kutwa nzima.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakuharakisha. Ulidhani nakufukuza; nimeona hivyo machoni pako mara mbili tatu, na imeniuma. Nilitaka uondoke kabla haujaona. Nilifikiri ukienda bila kujua utakwenda mwepesi. Haukuwa na wepesi wowote. Ulikuwa umebeba mzigo wangu na mzigo wa kunificha kwamba umeubeba, na huku nyumbani watu wawili wanaopendana wakawa wanaongopeana kwa vitenge na mawe.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuificha ndani ya sanduku, katikati ya nguo, uisome ukishafika Kisangani. Niliona ni vizuri, mama anaandika, mtoto anasoma mbali, analia, anasoma shule. Lakini hiyo ingekuwa kukuacha uweke kila kitu ulicho nacho mezani, halafu ndipo nifunue. Huo siyo mchezo, ni wizi. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla haujalala, wakati bado unaweza kubadili neno lako.

Zangu ni mbili, kama za kila mtu. Moja: nataka uende. Siyo kwa ajili yangu wala kwa ajili ya jirani. Nimewaona wanawake wa hapa wakibebwa kwenye machela msituni, mtoto amekwama tumboni, na nimekuona wewe ukiwashika mikono kabla haujafundishwa chochote. Nyingine: naogopa. Naogopa kufa siku ambayo habari bado iko njiani kukufikia. Nimejaribu kuzitazama usiku nione ipi ni ya kweli zaidi, nikashindwa. Zote ni zangu, nazishika pamoja.

Papa yako anaweza kutwanga sombe sasa. Vibaya, lakini anaweza. Ukienda, nimesema nitakufuata baada ya mavuno kwa ile mashine ya hospitali, na nimeandika hapa ili nisiweze kukana. Ukibaki mwaka huu, sitakuuliza kwa nini, na sitamruhusu mtu akuulize. Ukitaka kunikasirikia kwanza, vyombo viko pale, osha kwa kelele.

Nasikia mnamaliza wimbo wa mwisho, na sauti yako siisikii, najua bado umefunga mdomo. Njoo taratibu. Nitakuwa mlangoni na karatasi hii. Nitakaa mbele yako mpaka umalize kuisoma, na sitaugeuza uso wangu pembeni.

Ni mimi, ambaye hapa kijijini sina jina lingine ila lako,

Mama Riziki